Rangi ya choo cha mtoto anayenyonya: ipi ya kutuliza roho, ipi ya kukimbia nayo

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa chama chetu, hapa Kasongo. Tunayachapisha kwa ajili ya wanachama wa upande wa Kabambare ambao njia iliwashinda kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Mwenyekiti aliponiomba niseme leo, alifikiri nitaleta hesabu ya mbegu na ya mabashi. Hesabu iko, mutaisoma kwenye ukurasa wake. Mimi leo nataka kusema juu ya mavi ya mtoto. Naona akina baba wanacheka na wengine wanatazama chini. Mucheke tu, lakini mubaki mukae. Nitawaambia kwa nini nimechagua jambo hili, na haya itakuwa yangu kabla ya kuwa yenu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natembea nyumba kwa nyumba katika kijiji kimoja upande wa Kabambare, ng'ambo ya mto Luama. Watu walikuwa wametoka kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu: nyumba ngapi zimechomwa, familia ngapi ziko chini ya bashi, nani alipata jembe na nani hakupata. Nilifika kwa mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, karibu mwezi mmoja hivi. Vitambaa vya mtoto vilikuwa vimeanikwa juu ya majani. Kimoja alikuwa bado hajakifua, kilikuwa pale karibu na beseni. Nilikiona. Choo ilikuwa nyeupe, rangi ya unga wa muhogo uliolowa maji.

Nilijiambia, labda ndivyo ilivyo kwa mtoto anayekunywa maziwa. Maziwa ni meupe, basi na choo itakuwa nyeupe. Mimi mtu wa universite, naandika ripoti, nilijiambia vile. Nikauliza habari ya bashi, nikaandika, nikaenda.

Niliporudi, mwezi na nusu ulikuwa umepita. Macho ya mtoto yalikuwa manjano kama binzari, tumbo limevimba. Mama aliniambia: "Tulisema ni rangi tu, itaisha. Bibi yake alisema tumuweke kwa jua." Muganga wa kituo alimwandikia karatasi ya kwenda lopitali. Walikwenda, sehemu kwa mguu, sehemu kwa pikipiki. Muganga mkuu alieleza kwamba njia ya kupitisha nyongo kutoka ini kwenda tumboni ilikuwa imeziba, na kwamba wakati mzuri wa kupasua ulikuwa umeshapita. Mtoto yule hakumaliza mwaka.

Sisemi kwamba mimi ndiye niliyemuua. Hata angeonekana mapema, njia ilikuwa ndefu na haikuwa na hakika. Lakini nilikiona kile kitambaa, na sikuuliza swali moja. Ndiyo maana leo siongei juu ya mabashi.

Sasa tuanze na yale ya kutuliza roho, maana ndiyo mengi.

Mtoto akizaliwa, siku ya kwanza na ya pili, choo yake ni nyeusi, nzito, inanata kama mafuta ya pikipiki yaliyochoka. Ni uchafu aliokuwa nao tumboni mwa mama yake. Unatakiwa utoke, na unaanza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza. Mtoto akipita siku nzima bila kutoa kitu, mumuoneshe kwa muganga. Kinachosaidia kuutoa ni maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano. Bibi wengine wanayakamua na kuyamwaga, wanasema yameoza. Hapana. Yale ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto. Tusimwage hata tone.

Siku ya tatu na ya nne, rangi inageuka: kijani kilichochanganyika na kahawia. Kufika siku ya tano, choo inakuwa manjano, laini, hata majimaji, na ndani unaona vipande vidogo kama mbegu za ufuta. Hiyo ndiyo choo ya mtoto anayenyonya vizuri. Si kuhara. Katika wiki za kwanza anaweza kwenda mara tatu, mara nne kwa siku, wengine kila wakinyonya. Mama anaona majimaji, anaogopa, anatafuta dawa ya kufunga tumbo. Usifunge kitu. Tumbo liko linafanya kazi yake.

Hapa kuna jambo ambalo baba pia anaweza kulitumia. Nyumba nyingi zina wasiwasi: "Maziwa yanatoka? Yanatosha?" Ziwa halina alama za kupimia kama chupa. Kitambaa ndicho kipimo. Kama siku ya tano choo imekuwa manjano, na mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, maziwa yanaingia. Kama siku ya tano choo bado ni nyeusi, na mtoto analala tu, hana nguvu ya kunyonya, basi maziwa hayaingii ya kutosha. Usingoje. Umpeleke kwa kituo cha afya, muganga atazame namna anavyoshika ziwa.

Baada ya mwezi na nusu hivi, mambo yanageuka tena. Yule aliyekuwa anakwenda mara nne sasa anapitisha siku mbili, siku tatu, wengine hata wiki, bila choo. Kama ananyonya tu, anacheka, tumbo ni laini, na siku choo ikitoka inatoka laini, hana shida. Lakini kama tumbo limevimba ngumu, anatapika, au anakataa ziwa, huyo ni mgonjwa, twende naye.

Na kijani? Kila nikikaa na akina mama, swali la kijani halikosi. Choo ya kijani mara moja moja si ugonjwa. Nyongo yenyewe ina ukijani, na chakula kikipita haraka tumboni inabaki hivyo. Wengine wanasema mama amekula sombe au lengalenga nyingi. Hata kama ni hivyo, si sababu ya kumkatalia mama mboga, yeye anayehitaji kula kuliko sisi wote. Mara nyingine mtoto anahamishwa haraka kutoka ziwa moja kwenda lingine kabla hajamaliza, anapata maziwa mepesi ya mwanzo tu, na choo inatoka kijani yenye povu. Dawa ni kumwacha amalize ziwa moja, ndipo umpe la pili. Kama mtoto anaongeza kilo kwenye CPS, hatuna neno na kijani.

Akitimiza miezi sita na kuanza uji, embe, mihogo na samaki, rangi zitakuwa nyingi, na harufu itakuwa nzito. Mawese inaweza kuleta rangi ya machungwa. Hayo yote ni chakula tu.

Ndugu zangu, sasa niseme jambo ambalo litaumiza wengine. Watoto wengi tunaowaona wakiumwa tumbo hawakuharibiwa na ile rangi. Waliharibiwa na kile tulichofanya tulipoiona. Nimeona mambo matatu.

La kwanza ni kumtia mtoto dawa ya majani kwa nyuma, kwa ile mpira. Choo ikichelewa, mpira. Choo ikiwa kijani, mpira tena. Utumbo wa mtoto wa wiki tatu ni laini. Dawa ile inauchoma, maji ya mwili yanatoka, na mtoto anaweza kufa siku ileile. Wazazi wetu walifanya kwa mapendo, sisemi vibaya juu yao. Lakini tuache.

La pili ni maji. "Mtoto ana joto, choo imekuwa nzito, mumupe maji kidogo." Maji yetu munayajua: kisima kisichofunikwa, mto ambapo watu wanafulia na ng'ombe wanakunywa. Mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa ya mama ni maji yake na chakula chake, hata wakati wa jua kali. Ukimpa maji, unampa mdudu wa kuhara, na tumbo linajaa kitu kisichomjenga. Wale wanaomwonjesha mtoto asali au tende kwa ajili ya desturi ya dini, mimi si mwalimu wa dini. Nawaomba tu, asali isiwe, maana kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja inaweza kuwa na sumu ya kulegeza mwili. Mukae na shehe, mumuulize njia nyingine.

La tatu ni kumkatisha ziwa. Wanasema ziwa limeharibika kwa sababu baba na mama wamelala pamoja, au kwa sababu mama ana mimba nyingine. Ninyi mulioishi Tanzania, kambini Nyarugusu, mulisikia wenyeji wakiita jambo hilo kubemenda. Jina ni lingine, wasiwasi ni uleule. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa njia hiyo. Mtoto anayehara anahitaji ziwa zaidi, mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Kuhara kwenyewe utakujua: choo imekuwa maji matupu, mara nyingi kuliko kawaida yake, na mtoto anageuka sura. Hapo ziwa linaendelea, na munakwenda kituoni kutafuta SRO na zinki. Zinki inatolewa siku 10 hadi 14, na unaimaliza hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu. Ukiona macho yameingia ndani, mdomo umekauka, au ule mfupa laini wa kichwani umebonyea, usilale nyumbani.

Baada ya hayo, zimebaki rangi tatu za kukimbia nazo. Tatu tu. Muzishike kwa vidole.

Nyekundu. Hiyo ni damu. Mara nyingine ni kidonda kidogo cha mkunduni, au chuchu ya mama imepasuka na mtoto amemeza damu yake. Lakini ni muganga ndiye wa kusema hivyo, si jirani. Damu na makamasi pamoja na homa ni kuhara damu. Damu kwa mtoto mchanga wa siku chache inaweza kuwa upungufu wa vitamini K, na dawa yake ni sindano. Na mtoto wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja akilia kwa vipindi, anakunja magoti, anatulia, analia tena, anatapika, kisha choo ikatoka nyekundu ya kuteleza, huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenziwe. Huyo hangoji asubuhi.

Nyeusi, kama imerudi au imekaa baada ya siku ya tano. Inaweza kuwa damu iliyotoka juu, ikapikwa tumboni. Kama mtoto anapewa dawa ya kuongeza damu, yenye chuma, nayo inaleta weusi. Mumwambie muganga ni dawa gani.

Na nyeupe. Rangi ya unga wa muhogo, rangi ya udongo mweupe wa kupaka nyumba, au manjano iliyofifia mpaka inaelekea kijivu. Choo ya mtu inapata rangi kutoka kwa nyongo. Ikiwa nyeupe, nyongo haifiki. Tazama pia mkojo: wa mtoto mchanga ni kama maji. Ukianza kutia kitambaa manjano nzito, na macho bado ni manjano baada ya siku 14, mambo hayo matatu ni maneno ya ugonjwa mmoja.

Muganga mmoja wa Japani, Morio Kasai, ndiye aliyepata njia ya kupasua watoto hawa, miaka ya 1950: kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite. Operesheni hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Inasaidia zaidi ikifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Kila wiki inayopita, ini linakauka. Huko Taiwan, tangu mwaka 2004, kila mama anapewa karatasi yenye picha za rangi, analinganisha na choo ya mtoto wake nyumbani. Mashine wanazo, lakini wameona kwamba jicho la mama linatangulia mashine.

Najua mutaniuliza: "Operesheni hiyo iko wapi kwetu? Kutoka Salamabila au Lusangi tutampeleka wapi?" Ni swali la haki. Hapa kwetu haiko, na sitawadanganya. Lakini kuna sababu tatu za kwenda haraka hata hivyo. Si kila choo nyeupe ni njia iliyoziba: kuna maambukizi, hata kaswende iliyotoka kwa mama, ambayo dawa zake zinajulikana. Pili, mtoto ambaye nyongo yake haifiki tumboni hashiki vitamini K kutoka kwa chakula, na anaweza kutokwa damu kichwani ghafla. Sindano ya vitamini K inazuia hayo, nayo haihitaji mpasuaji. Tatu, familia iliyojua siku ya 20 ina siku 40 za kutafuta njia, kupiga simu, kukusanya franka. Iliyojua siku ya 75 imebaki na machozi tu.

Kwa nini nawaambia hasa ninyi, watu mliorudi? Mtoto wa mtu aliyerudi anazaliwa ndani ya nyumba ya bashi au ya majani, giza mchana na usiku. Mama anabadilisha kitambaa usiku bila taa. Bibi aliyejua mambo haya alibaki njiani, au yuko Fizi, au Kalemie, au alikufa huko porini. Mama ni msichana wa miaka 17, na wa kumwambia "hii si kitu" au "hii ni hatari" hayuko. Tulipokimbia tulibeba masufuria. Yale ambayo wazee wetu walikuwa nayo kichwani, mengi yalipotea njiani.

Na tusisahau kwamba Kasongo si mahali pa kujidharau katika mambo ya afya. Kuanzia miaka ya 1970, waganga wa hapa pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walionyesha hapahapa kwamba kituo kidogo cha karibu, chenye muganga anayejua familia zake, kinaokoa watu. Watu wa nchi nyingine walisoma kazi ya Kasongo. Kwa hiyo ninachoomba si kitu kigeni kwetu.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, kila kitambaa cha mtoto kitazamwe mchana, nje, kwenye mwanga, mara moja kwa siku, mpaka miezi mitatu. Baba naye atazame. Kisha choo itupwe chooni, si nyuma ya nyumba, na mikono ioshwe kwa sabuni au jivu. Choo ya mtoto ina wadudu kama ya mtu mzima.

Pili, rele wetu wa vijiji na akina mama wa kamati wamuulize kila mzazi swali moja: "Choo ya mutoto iko na rangi gani?" Wamuulize siku ya tano, baada ya wiki mbili, na siku ya chanjo ya wiki 6. Wiki 6 ni siku 42. Bado tuko ndani ya zile 60. Jibu liandikwe kwenye karne ya mtoto.

Tatu, na hapa nasema na wafadhili pia: kasha ya chama ilipe pikipiki na pirogi ya kuvuka Luama siku ileile rangi moja ya hizi tatu inapoonekana, bila kungoja mkutano. Deni litazungumzwa baadaye. Mara nyingi tunawaomba ninyi wafadhili mabashi na mbegu, na tunashukuru mnapotuma. Safari hii tunaomba petroli, taa ndogo za jua kwa akina mama wanaozaa, na karatasi za rangi za kubandika ukutani kituoni.

Mimi tangu siku ile nimebadilisha namna yangu ya kuingia nyumbani kwa watu. Bado nahesabu mabashi, ndiyo kazi yangu. Lakini nikikuta mtoto mchanga, kabla sijatoa kalamu, namuomba mama anionyeshe kitambaa. Wengine wanacheka. Mama mmoja aliniambia: "We baba, unatafuta nini mule?" Nilimjibu, natafuta manjano. Akafungua, ilikuwa manjano safi yenye mbegu zake. Tukacheka wote wawili, nikaandika hesabu yangu, nikaenda.